SOMO LETU: KUCHAGUA TAIRI IMARA LA GARI LA MIZIGO

Katika somo hili tutazungumza juu ya tairi. Wengine watauliza: chama cha wafanyakazi na tairi, wapi na wapi? Kazi ya chama si kudai mishahara? Jibu letu ni fupi. Mshahara humfaa aliye hai. Van ya mizigo inayotoka stoo na magunia ya mbolea, ikarudi jioni na makasha ya chai, ina matairi manne au sita tu kati yake na ardhi. Ndani yake wamo dereva na turniboi ambao ni wanachama wetu. Kandokando ya barabara wanapita jamaa zetu na watoto waendao shule. Tairi likipasuka kwenye mteremko, meneja aliyeliagiza yuko ofisini.

Tena iko sababu ya pili. Mahali pengi, tairi likipasuka, lawama humwangukia dereva. Husemwa kwamba amekimbiza gari, au amepita penye mawe bila uangalifu, kisha mshahara wake hukatwa. Dereva asiyejua kusoma tairi hana la kujibu. Anayejua kulisoma anao ushahidi, kwa kuwa mambo yote makubwa ya tairi yameandikwa ubavuni mwake. Basi na tujifunze kusoma.

1. TAIRI HUBEBA MZIGO KWA KITU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba mpira ndio ubebao gari. Sivyo. Kinachobeba mzigo ni upepo uliofungiwa ndani. Kazi ya mpira, nyuzi na waya ni kuuzuia upepo huo usitoke na kuishika barabara. Ndiyo maana tairi zuri lenye upepo mdogo ni tairi baya.

Adui mkubwa wa tairi ni joto. Tairi la van ya kawaida huzunguka zaidi ya mara 450 katika kila kilometa moja. Kila mzunguko, ubavu wake hukunjwa pale linapogusa ardhi, kisha hunyooka. Upepo ukiwa mdogo, au mzigo ukizidi, ubavu hukunjwa kupita kiasi na joto hupanda. Joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi, tabaka huachana ndani kwa ndani, na siku moja tairi hupasuka. Watu husema limepasuka ghafla, kumbe lilianza kufa wiki nyingi kabla.

Kwa sababu hiyo matairi ya malori hutiwa mpira wa asili mwingi kuliko matairi ya magari madogo. Mpira utokao mtini hupata joto dogo ukikunjwa na hustahimili kuchanika kuliko ule wa kiwandani. Mpira huo hugemwa na wafanyakazi wa mashamba kama sisi. Haifai jasho lao lipotee bure kwa sababu ya mtu mvivu wa kupima upepo.

2. KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Zamani matairi mengi ya nchi zetu yalitoka kwa majirani, katika kiwanda cha Arusha na kile cha Nairobi. Kile cha Arusha kilisimamisha kazi, na kile cha Nairobi kikafungwa mwaka 2016, wenzetu wakapoteza ajira. Siku hizi duka moja huweza kuwa na majina ishirini ya matairi kutoka ng'ambo, mengine hatujapata kuyasikia. Jina peke yake halitoshi. Yatupasa kusoma maandishi.

Tuchukue tairi linalopatikana sana kwenye van zetu, lililoandikwa hivi: 195R15C 8PR 106/104R. Tulisome kipande kwa kipande.

195 ni upana wa tairi kwa milimita.

R ya kwanza inaonyesha namna nyuzi zilivyolazwa. Katika tairi la R, yaani radio, nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na chini ya meno kuna mshipi wa waya wa chuma. Tairi la namna ya zamani lina nyuzi zinazopishana, na mahali pa R huwekwa kistari tu, kama 7.00-16. La radio hupata joto dogo na hudumu zaidi barabarani. La nyuzi za kupishana lina ubavu mgumu na bado linapendwa na wengine penye mawe. Lakini ni mwiko kuchanganya aina hizi mbili katika ekseli moja, kwa kuwa kila moja hushika barabara kwa namna yake, na gari huvuta upande.

15 ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

C ni herufi ndogo kwa macho lakini kubwa kwa maana. Inaonyesha kwamba tairi limetengenezwa kwa gari la kazi. Matairi ya mtindo wa Marekani huandikwa LT badala yake. Tairi lisilo na C wala LT huenda likaingia vizuri katika rimu ya van yenu, likaonekana sawa kabisa, nalo ni la gari la kutembelea watu wanne.

8PR ni cheo cha nguvu. 6PR ni dhaifu kuliko 8PR, na 8PR ni dhaifu kuliko 10PR. Mafundi wengi husema "plai nane". Katika matairi ya leo si lazima pawe na tabaka nane za nyuzi ndani. Ni cheo tu.

106/104 ni namba za mzigo. Ya kwanza ni kwa gurudumu lililo peke yake, ya pili ni kwa magurudumu pacha ya nyuma. R ya mwisho ni mwendo, nayo ni kilometa 170 kwa saa. Q ni 160, N ni 140. Kwa barabara za mashamba yetu herufi hii haitusumbui sana. Tuisumbukie namba ya mzigo.

3. HESABU YA MZIGO

Namba ya mzigo si kilo. Ni alama, na kila alama ina kilo zake. Zifuatazo zafaa zinakiliwe na kubandikwa gereji:

94 ni kilo 670
100 ni kilo 800
104 ni kilo 900
106 ni kilo 950
109 ni kilo 1,030
112 ni kilo 1,120
115 ni kilo 1,215
121 ni kilo 1,450

Sasa tuone namna ya kuzitumia. Katika shamba moja tulilolishughulikia, van ilipasua matairi mawili ya nyuma katika mwezi mmoja, yote yakiwa bado na meno. Meneja alimwandikia dereva barua kwamba ameharibu mali kwa mwendo wa kasi, na karani akaanza kumkata mshahara. Tawi lilituita. Hatukwenda kupiga kelele. Tulikwenda gereji pamoja na dereva, turniboi na mwakilishi wa wafanyakazi, tukaomba kuona matairi yaliyopasuka, kisha tukafungua mlango wa gari na kusoma kibao.

Kibao kilisema ekseli ya nyuma inaruhusiwa kilo 1,700. Nyuma kuna magurudumu mawili, kwa hiyo kila moja lapaswa kubeba kilo 850. Matairi yaliyopasuka hayakuwa na C. Yaliandikwa namba 94, yaani kilo 670. Mara mbili ni kilo 1,340. Basi hata kama van ingepakiwa kwa halali kabisa, bila kuzidisha gunia moja, kila tairi lilikuwa limezidiwa kwa kilo 180. Hapo mwendo wa dereva ulikuwa na neno gani? Matairi yalikufa tangu siku yaliponunuliwa.

Tuliandika hesabu hiyo kwa chaki mlangoni pa stoo, meneja akaisoma mwenyewe. Angenunua tairi la 106, mawili yangebeba kilo 1,900, na ziada ya kilo 200 ingebaki. Makato yalisimamishwa, na zile shilingi zilizokwisha kukatwa zikarudishwa mwisho wa mwezi. Van ikavalishwa matairi ya C.

Kanuni ni hii: soma kilo za ekseli kwenye kibao, gawanya kwa idadi ya matairi ya ekseli hiyo, kisha chagua tairi ambalo kilo zake zinazidi jibu ulilopata. Kwa magurudumu pacha tumia namba ya pili. Tairi la 106/104 likiwekwa pacha nyuma, manne yatabeba 900 mara 4, yaani kilo 3,600.

Lakini jihadharini. Tairi imara halibadilishi gari. Kama kibao kinasema kilo 1,700, huwezi kuvalisha tairi la 121 kisha ukapakia tani tatu. Breki, springi na ekseli ni zilezile. Nyapara akisema "tairi ni jipya, ongezeni magunia", mwonyesheni kibao. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani moja. Hesabu hiyo kila turniboi anaiweza.

4. UMRI WA TAIRI

Tairi huzeeka hata likiwa limelala. Jua, joto na hewa hukausha mpira, nao hupoteza ulaini wake na kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Ndiyo sababu meno marefu si ushahidi wa uzima.

Tafuteni herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama namba ni tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni kwenye bembea ya watoto. Mara nyingine namba iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo mwenye duka akiligeuza ukutani, mwambieni aligeuze tena.

Mwezi Septemba 2012 huko Surrey, Uingereza, basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasua tairi la mbele, likatoka barabarani na kugonga mti. Watu watatu walikufa, naye dereva akiwa mmojawao. Meno ya tairi lile yalikuwa ya kutosha kwa sheria ya wakati huo. Lakini umri wake ulikuwa umezidi miaka 19. Mama wa kijana mmoja aliyekufa alipigania jambo hilo miaka mingi, na tangu tarehe 1 Februari 2021 nchi hiyo imekataza tairi lenye umri uliozidi miaka 10 katika magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Tuelewe vizuri: sheria ile haikuletwa na wenye magari. Ililetwa na mtu aliyefiwa ambaye hakukubali kunyamaza.

Watengenezaji kadhaa wa matairi hushauri kwamba tairi likitimiza miaka 5 ya kazi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linaonekana zima. Msisahau tairi la akiba. Hilo nalo huzeeka chini ya gari, likila vumbi na matope, na siku ya kuhitajiwa ndiyo siku lipewayo mzigo mzito.

5. MENO NA BARABARA

Kabla ya kununua jiulizeni: gari letu hupita wapi siku nyingi?

Kama van inatoka kiwandani Kampala hadi Jinja au Malaba na kurudi, karibu safari yote ni lami. Hapo lafaa tairi la mifereji mirefu inayozunguka, meno yake yakiwa yamekaribiana. Huviringika kwa wepesi, hupata joto dogo, na huondoa maji ya mvua.

Kama van inazunguka katika mashamba ya chai ya Kabarole au Bushenyi, tunajua sote udongo ule ulivyo kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Murramu ikilowa huteleza kama sabuni. Hapo lahitajiwa tairi la meno yaliyoachana kiasi, yenye kushika na kujisafisha matope, na ubavu mnene usiochanwa upesi na mawe.

Wengi wetu tuko katikati: kilometa kadhaa za murramu, kisha lami hadi mjini. Kwa hao lafaa tairi la mchanganyiko. Msidanganywe na meno makubwa mno ya kupendeza macho. Tairi la matope likikimbizwa kwenye lami kila siku huunguruma, hupata joto na huisha upesi.

Tairi jipya la van huwa na meno ya kimo cha karibu milimita 8 hadi 10. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, navyo huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI. Meno yakilika hadi kulingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi limemaliza kazi. Kwa njia za matope tusingoje hata kufika hapo.

6. BEI YA DUKANI NA BEI YA KWELI

Mhasibu atasema: "Tairi imara ni ghali." Tumjibu kwa hesabu. Tuseme tairi la kwanza ni shilingi 300,000 na huenda kilometa 25,000. La pili ni shilingi 480,000 na huenda kilometa 60,000. Huu ni mfano wa kujifunzia, si bei ya duka lolote.

La kwanza: 300,000 gawanya kwa 25,000 ni shilingi 12 kwa kilometa.
La pili: 480,000 gawanya kwa 60,000 ni shilingi 8 kwa kilometa.

Kwa matairi manne katika kilometa 60,000, yale ya bei ndogo yatakula shilingi 2,880,000, na yale ya bei kubwa 1,920,000. Tofauti ni 960,000. Wala hatujahesabu siku ambazo gari limelala njiani na chai imelowa, wala ujira wa watu wanaosubiri mbolea. Rahisi ni ghali, wahenga walikwisha sema.

Ili hesabu hii iwe ya kweli katika gereji yenu, lazima pawe na daftari la matairi. Kila tairi liandikiwe jina, namba ya mzigo, namba ya DOT, tarehe ya kuvalishwa, kilometa za gari siku hiyo, na kilometa siku ya kuvuliwa. Baada ya miaka miwili daftari hilo litajua matairi kuliko muuzaji yeyote.

7. MTUMBA, KUVALISHWA UPYA, NA KUCHONGWA

Tairi la mtumba lina historia ambayo hatuijui. Huenda lilikimbizwa bila upepo, na nyuzi zake zimevunjika ndani pasipoonekana. Kwa gari la mizigo tusilikubali.

Tairi lililovalishwa meno upya, yaani ritredi, ni jambo jingine. Kazi hiyo ikifanywa na kiwanda kinachokagua mwili wa tairi kwanza, ni njia halali ya kubana matumizi. Malori mengi ya dunia, hata ndege, hutumia matairi ya namna hiyo. Ulizeni nani aliyelivalisha na mwili wake una umri gani. Yafaa yakae nyuma, si mbele kwenye usukani.

Kuchonga ni hatari. Yuko mtu kando ya barabara mwenye kisu cha moto, huchukua tairi kipara na kulichonga mifereji mipya. Mifereji hiyo haiongezi mpira hata kidogo. Inapunguza ule mchache uliobaki juu ya waya. Ni matairi maalumu tu, yaliyoandikwa REGROOVABLE ubavuni, yaliyotengenezwa na mpira wa ziada kwa kazi hiyo. Tairi jingine lolote lililochongwa ni udanganyifu, na mwanachama wetu asiendeshe gari hilo.

8. BAADA YA KUNUNUA

Tairi imara hufa mapema likikosa matunzo. Haya ni ya dereva na turniboi kila wiki:

Pimeni upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji, si kwa teke. Kipimo ni kile cha kibao cha gari kwa mzigo mnaobeba. Tairi likiwa moto kipimo hupanda, na haifai kuupunguza hapo, kwa maana likipoa litakuwa na upepo mdogo.

Tazameni ulaji wa meno. Yakilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Yakilika katikati, upepo umezidi. Yakilika upande mmoja, magurudumu hayakunyooka, na fundi ayanyooshe kabla tairi jipya halijaliwa.

Kwenye magurudumu pacha, ondoeni jiwe lililokwama katikati. Moja likiwa laini, mwenzake hubeba mzigo wa wawili.

Msiweke tyubu ndani ya tairi lisilotumia tyubu ili kuficha jeraha la msumari. Lizibwe kwa ndani na fundi. Lenye uvimbe au jeraha la ubavuni halizibwi, hutupwa.

Baada ya kubadilisha gurudumu, kazeni nati tena mkishakwenda kilometa 50 hivi.

Na kwa wenzetu wa gereji: rimu yenye pete ya kufungia isijazwe upepo bila kizimba cha chuma. Pete ikiruka ina nguvu ya kuua mtu. Mpira wa pampu uwe mrefu, na mjazaji asimame kando, asiinamie gurudumu.

9. KAZI YA TAWI

Tumejifunza kusoma tairi. Lakini mtu mmoja anayejua, akisimama peke yake mbele ya meneja, huitwa mkorofi. Tawi zima likijua, huitwa makubaliano. Kwa hiyo twashauri kila tawi lilete mezani mambo manne:

Kwanza, dereva na mwakilishi wa usalama waone tairi kabla halijavalishwa, wasaini katika daftari.

Pili, pasiwe na makato ya mshahara kwa tairi lililopasuka kabla ubavu wake haujasomwa mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Tairi lililopasuka lisitupwe mpaka shauri liishe.

Tatu, dereva anayekataa kuendesha gari lenye tairi kipara, lenye uvimbe au lenye namba pungufu asiadhibiwe.

Nne, watu wasipandishwe juu ya mizigo wakati wa kurudi kutoka shambani, hata kama njia ni fupi.

Haya si matakwa ya kichokozi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa ya karibu, akiwa na sababu ya msingi, alindwe asiadhibiwe. Unasema pia kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliwekwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo, na nchi zote wanachama zinapaswa kuheshimu kanuni zake. Tairi la kazi ni chombo cha usalama. Basi mwenye kulilipia ni mwenye gari.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Ekseli ya nyuma ya gari inaruhusiwa kilo 2,200, nayo ina magurudumu mawili. Je, tairi la 109 litafaa? La 112? Onyesheni hesabu.

2. Tairi lina namba 4713 mwisho wa mstari wa DOT, na meno yake ni mazuri. Lilitengenezwa lini? Mtamwambia nini karani wa stoo?

3. Nendeni gereji mkasome matairi yote ya gari moja, na la akiba pia. Je, yote yana C au LT? Yako mangapi ya aina tofauti katika ekseli moja?

4. Katika tawi lenu, nani huchagua tairi? Na likipasuka, nani hulipa?

Wasomeeni somo hili wenzenu wasiojua kusoma, kisha wapelekeni gereji wakaguse zile namba kwa vidole vyao. Majibu ya swali la tatu na la nne yaletwe kwenye mkutano ujao wa tawi, yaandikwe katika kumbukumbu.

Umoja ni nguvu.